Jinsi ya kulitembelea Daraja la Rialto, Venice

Wageni wengi hupanda Daraja la Rialto saa 5 asubuhi, wakabanwa pale juu, wakapiga picha moja na kuondoka bila kuliona daraja lenyewe. Kosa ni la mpangilio. Ukiwa juu unauona Mfereji Mkuu, njia kuu ya maji ya mji. Daraja huonekana kutoka majini au ukingoni. (Saa zote hapa ni za Kiswahili: saa 1 asubuhi, kule huandikwa 07:00.)

Hatua ya 1: Fika kabla ya saa 2 asubuhi. Watu bado ni wachache. Pia, katika siku maalumu za Aprili hadi Julai, mji umekuwa ukitoza ada wageni wasiolala Venice, wanaoingia kati ya saa 2:30 asubuhi na saa 10 jioni. Mwaka 2025 ilikuwa euro 5 kwa aliyelipa mapema, 10 kwa aliyechelewa. Anayelala hotelini halipi, ila hujiandikisha mtandaoni apate kibali cha msamaha.

Hatua ya 2: Pita chini ya daraja kwanza. Kutoka stesheni ya treni ya Santa Lucia, nenda gati la Ferrovia upande boti ya abiria, vaporetto namba 1. Tiketi ya dakika 75 ni euro 9.50. Igusishe kwenye mashine ya gatini kabla ya kupanda. Tiketi uliyoilipia lakini hukuigusisha hukuletea faini.

Usishuke Rialto Mercato. Simama nje, baki botini mpaka gati linalofuata, Rialto. Katikati ya magati hayo mawili boti hupita chini ya tao. Unapokaribia utaona Mtakatifu Marko na Mtakatifu Theodori wamechongwa ubavuni. Ukishapita, geuka haraka: upande wa pili malaika Gabrieli yuko mwanzo mmoja wa tao, Bikira Maria mwanzo mwingine, na njiwa yuko kileleni katikati yao. Ukiwa juu ya daraja huwezi kuona hata mmoja wao.

Tazama pia kwamba hakuna nguzo majini. Tao ni moja tu la mawe, upana wake karibu mita 28, kazi ya Antonio da Ponte ya mwaka 1588 hadi 1591. Uzito wote unasukumwa kwenye kingo mbili, juu ya maelfu ya magogo yaliyopigiliwa topeni. Daraja la mbao lililotangulia lilivunjika mwaka 1444 kwa uzito wa watu waliojazana kutazama msafara wa harusi.

Hatua ya 3: Shuka gati la Rialto, uvuke daraja kwa miguu. Njia ni tatu: ya katikati, pana, kati ya safu mbili za maduka, na mbili nyembamba za pembeni. Anza na ile ya kusini, kwa kuwa ndiyo hujaa mapema. Tao limeinuliwa sana ili vyombo vipite, kwa hiyo ni ngazi tupu. Mwenye kiti cha magurudumu au masanduku mazito asihangaike: apande boti namba 1 kutoka Rialto hadi Rialto Mercato, kituo kimoja tu, atakuwa ng'ambo. Usikae ngazini kula. Ni marufuku na faini ipo. Mkoba uuweke mbele.

Hatua ya 4: Picha. Ukishuka ng'ambo, upande wa mtaa wa San Polo, kata kushoto ufuate ukingo wa Riva del Vin kama hatua hamsini. Hapo tao zima linaingia kwenye kamera.

Hatua ya 5: Soko. Rudi hadi kanisa la San Giacomo lenye saa kubwa usoni. Mbele yake kuna sanamu ya mtu aliyeinama akibeba ngazi, Gobbo. Hapo ndipo matangazo ya serikali yalipokuwa yakisomwa. Endelea hadi soko la samaki, Pescaria. Jumapili na Jumatatu hakuna samaki. Siku nyingine nenda kabla ya saa 6 mchana.

Kando ya soko kuna gondola ya kuvushia, traghetto ya Santa Sofia. Kwa euro 2 inakuvusha hadi karibu na jumba la kale la Ca' d'Oro. Uwe na sarafu mkononi.