Somo: Jinsi ya kufuatilia aina mpya za korona kwa kusoma vinasaba vyake

Kila inapotangazwa aina mpya ya korona, watu huuliza: wamejuaje, ilhali dalili ni zilezile? Jibu liko kwenye herufi. Kirusi hiki kimebeba uzi wa RNA, yaani vinasaba vyake, wenye herufi karibu 29,900, na kinapojinakili hukosea herufi hapa na pale. Kadiri maambukizi yanavyopokezana, makosa mawili hivi hujikusanya kila mwezi. Kosa likisalia hurithiwa, na kwa njia hiyo tunajua kirusi kipi ni ndugu wa kipi.

Hatua ya 1: Chagua sampuli. Ukichukua za waliolazwa peke yao, utapata picha ya wodi, si ya mtaani. Okota bila kubagua kutoka kwa wote waliokutwa na virusi kwa PCR, kipimo cha maabara kinachonakili vinasaba mzunguko baada ya mzunguko hadi vionekane. Tazama pia Ct, yaani idadi ya mizunguko kabla mashine haijaona kirusi. Ikizidi 30, virusi ni vichache na usomaji utakuwa na mapengo.

Hatua ya 2: Geuza RNA kuwa DNA, kisha izalishe kwa vipande vya herufi 400 hivi, vinavyopandana kingo kama vigae. Kichupa cha maji matupu kipite hatua zote pamoja na sampuli. Maji yakisomeka kuwa na korona, kuna uchafuzi. Rudia kundi zima, hata kama inauma.

Hatua ya 3: Soma, kisha linganisha na jenomu (herufi zote za kirusi) ya Wuhan iliyotolewa Januari 2020. Hapa tulia. Chukua nafasi ya 23,063. Kirusi cha mwanzo kina AAT kuanzia hapo. Ukikuta TAT, herufi moja tu imebadilika, lakini protini ya mwiba imebadilika mahali inaposhikana na seli zetu. Badiliko hilo lilikuwamo ndani ya aina zilizoitwa Alpha, Beta, Gamma na Omicron. Mashine ikishindwa kusoma nafasi hiyo, huandikwa N. Tafadhali, N maana yake ni "haikusomeka", si "haijabadilika". Nimeona majedwali yaliyohesabu N kama herufi ya zamani, na badiliko likapotea hivihivi.

Hatua ya 4: Tafuta ukoo na mti. Programu ya kompyuta iitwayo Pangolin hukupa jina la ukoo, mfano B.1.1.7, ambao ndio Alpha. Nyingine, Nextclade, hukuonyesha tawi lake na ubora wa usomaji.

Hatua ya 5: Ambatanisha mahali na tarehe ya kuchukua sampuli, si tarehe ya mashine kuisoma. Sampuli ikikaa kwenye friza wiki sita halafu ukaandika tarehe ya leo, grafu itaonyesha aina iliyokwisha kana kwamba ndiyo inapanda. Tarehe zikiwa sahihi, hesabu sehemu ya kila ukoo kwa wiki, kisha peleka data GISAID, hazina ya kimataifa ya vinasaba vya virusi, wengine nao waione mapema.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, nchi iliyotangaza kwanza ndiyo chanzo?
Jibu: Hapana. Ndiyo iliyokuwa inatazama. Afrika Kusini iliripoti aina mpya kwa WHO (Shirika la Afya Duniani) tarehe 24 Novemba 2021, na siku mbili baadaye aina hiyo ikaitwa Omicron. Malipo yake yakawa kufungiwa safari za ndege. Ule ulikuwa uonevu, na unamfundisha jirani kunyamaza.

Swali: PCR peke yake haiwezi kutambua aina?
Jibu: Inaweza kudokeza. Baadhi ya vipimo hutafuta sehemu tatu za kirusi. Alpha ilipungukiwa herufi sita kwenye jeni la mwiba, kwa hiyo sehemu hiyo haikuonekana huku mbili zikionekana. Omicron ya tawi la BA.1 ilifanya vivyo hivyo, lakini tawi la BA.2 halikuwa na pengo hilo, likapita bila kushtukiwa. Dokezo lithibitishwe kwa kusoma herufi.

Swali: Mkuu, wagonjwa wawili herufi zao zinafanana zote. Mmoja kamwambukiza mwenzake?
Jibu: Usimnyooshee mtu kidole kwa hilo. Kwa mwendo wa makosa mawili kwa mwezi, watu kadhaa kwenye mnyororo mmoja wanaweza kuwa na kirusi kilekile bila tofauti yoyote. Herufi zikiachana sana unaweza kukanusha. Zikifanana, bado unahitaji kujua walikutana lini na wapi.