Somo: Kupapasa bandama ya mtoto mwenye selimundu

Hili ni la wazazi wenye watoto wa kuanzia miezi michache hadi miaka 5 hivi. Katika umri huo damu inaweza kunasa ndani ya bandama ghafla: bandama inavimba, mwili unaishiwa damu, na yote hayo kwa saa chache tu. Mara nyingi homa hutangulia, ila si lazima.

Bandama hupimwa mtoto akiwa mzima, kila siku. Usipojua kawaida yake, siku ya shida utalinganisha na nini?

1. Mpime kabla hajala, au akiwa usingizini. Akilia tumbo linakaza, hutapata kitu.

2. Mlaze chali, magoti ameyakunja. Kaa kuliani kwake, mikono yako iwe na joto.

3. Bonyeza polepole kwa vidole vitatu vilivyolala, si kwa kucha. Anzia chini ya kitovu, panda kuelekea mbavu za kushoto. Wengi hukosea hapa: wanaanzia mbavuni, vidole vinakaa juu ya bandama iliyovimba, ukingo hawaukuti, wanasema hakuna kitu.

4. Akivuta pumzi, tuliza vidole. Bandama hushuka, na ukingo wake utakugusa, mgumu kiasi kama ncha ya pua.

5. Chukua kijiti, kiegemeze kwenye ubavu wa mwisho, chora mstari kwenye kijiti pale ukingo ulipofika. Mara ya kwanza fanya hivi kliniki, nesi akiangalia.

Bandama ikivuka mstari, mpeleke hospitali siku hiyohiyo hata kama anacheza. Ikivuka na viganja au ndani ya kope pamepauka, amelegea, anahema: nenda moja kwa moja hospitali yenye damu ya kuongezea, na mlangoni sema, "Ana selimundu, bandama imevimba ghafla." Homa ya 38.5 nayo ni ya hospitali hata bandama ikiwa sawa.

MASWALI

Wangu ana miaka 2, bandama naikuta kila siku. Nihofu?
Watoto wengi wa selimundu wanayo ya kupapasika, mama. Cha kuogopa ni kuongezeka.

Foliki (vidonge vya foliki asidi, vya kusaidia kutengeneza damu) imeisha dukani. Nimpe FEFO?
Hapana. FEFO ina madini ya chuma, na mtoto aliyeongezewa damu mara kwa mara huenda chuma kimeshamzidi. Tafuta foliki tupu.

Aliongezewa damu, bandama ikarudi ndani. Yamekwisha?
Bado. Hurudia, mara nyingi ndani ya miezi michache. Endelea na kijiti na penisilini, dawa ya kumkinga na vijidudu. Ikirudia, daktari anaweza kushauri itolewe.

Bibi anataka achanjwe chale ubavuni na kuchuliwa mafuta.
Mkatalie bibi kwa heshima, ila mkatalie. Bandama iliyovimba ikikandamizwa inaweza kupasuka, na chale ni mlango wa vijidudu kwa mtoto ambaye kinga yake tayari ni dhaifu.