Kutoa giaboksi ya otomatiki na kufunga ya manyuali kwenye Prado ya 1KZ, hatua kwa hatua

Mteja anayetaka Prado yake itolewe otomatiki ifungwe manyuali huanza kwa kuuliza bei ya giaboksi. Mimi humuuliza hiyo giaboksi inakuja na nini. Giaboksi tupu iliyolazwa chini dukani ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ndiyo inayoliacha gari juu ya stendi wiki nzima, fundi akizunguka mjini kutafuta pedali.

Ninayoeleza hapa ni Toyota Land Cruiser Prado ya mfululizo wa 90 yenye injini ya dizeli 1KZ-TE ya lita 3.0, iliyotoka kiwandani na otomatiki ya gia 4, A343F. Ukiwa na Hilux Surf ya injini hiyohiyo, mpangilio wa kazi ni uleule, ila vipimo vya propela na krosimemba (chuma cha kukingama kinachobeba giaboksi) upime mwenyewe.

Kabla hujashika spana

Usikimbilie kutoa otomatiki kwa sababu tu gia inachelewa kuingia. Pima kwanza haidroliki, yaani oili ya otomatiki: gari limepata moto, injini inawaka, leva iko P. Kama imepungua, tafuta inakovuja. Wapo waliouza otomatiki nzima kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye paipu inayokwenda kwenye rejeta. Kama ni nyeusi na inanuka kuungua, hapo tuendelee kuzungumza.

Pia angalia gari linafanya kazi gani. Hapa Dodoma, la kwenda Mji wa Serikali Mtumba asubuhi na kurudi jioni, mimi nitakushauri utengeneze otomatiki yako. Lakini linalotoa zabibu Hombolo, linalovuta trela, au linalokata mchanga wa makorongo kule Chemba, manyuali ina faida zake. Faida kubwa kwa maoni yangu ni ukarabati. Manyuali ikilia, fundi wa kawaida ataifungua, ataona beringi au sinkronaiza iliyoliwa, ataibadilisha. Otomatiki ya mtumba unainunua hujui ndani kukoje, na ukishaifunga ndipo unajua.

Hatua ya 1: Nunua kila kitu kutoka gari moja

Unachotafuta ni Prado ya 1KZ ya manyuali iliyokatwa, na uchukue vyote kwa mkupuo. Dodoma hukosi kabisa, lakini seti kamili mara nyingi hutoka Dar es Salaam, Gerezani au Ilala. Mwambie muuzaji akupigie picha vitu vyote vikiwa pamoja kabla hujatuma hela:

- giaboksi ya gia 5, R150F au ndugu yake R151F, ikiwa na kengele (nyumba ya mbele inayoiunganisha na injini) ya 1KZ
- transfa yake (boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), ikiwa bado imefungwa nyuma ya giaboksi
- flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya krenki linalokaa klachi) pamoja na bolti zake
- uma wa klachi na bati la nyuma ya flaiwili
- pedali ya klachi na bano lake, na pedali ya breki ya manyuali
- masta silinda ya klachi, silinda ya chini, paipu na mpira wake
- propela shafti zote mbili
- krosimemba na raba yake
- leva zote na mifuniko ya sakafuni
- kontroli boksi ya injini na soketi za nyaya za giaboksi

Sahani ya klachi, presha pleti, beringi ya klachi na ile beringi ndogo ya kwenye kichwa cha krenki nunua mpya. Hapo usibane matumizi, maana ukikosea utashusha giaboksi tena.

Kuhusu kengele, kuwa macho. R150F zimefungwa pia kwenye injini za petroli za V6 za Toyota. Ukiitazama giaboksi yenyewe utasema ni ileile, lakini kengele yake haikai kwenye 1KZ. Muuzaji akikwambia "zinaingiliana tu", mwombe namba ya injini iliyokatwa nayo.

Transfa nayo usiitenganishe. Kuna watakaokushauri ubakize ya zamani uokoe hela. Inawezekana, lakini itabidi ulinganishe meno ya shafti, urefu wa kiungio na mahali leva inapotokea, na mwisho hela uliyookoa inaishia kwa mkerezaji.

Hatua ya 2: Pima likiwa limesimama kwa matairi

Kabla ya kupandisha gari, soma bamba la utambulisho na uandike alama za giaboksi na za ekseli. Linganisha na za gari lililokatwa. Uwiano wa difu ukitofautiana, gari halitaharibika, maana difu zako mbili bado zinakubaliana, lakini injini itakuwa juu zaidi au chini zaidi kwa mwendo uleule. Kosa kubwa ni kubadilisha difu moja ukaacha nyingine. Prado hii inavuta kwa magurudumu manne muda wote.

Pima urefu wa propela zote, flanji hadi flanji, uzito wa gari ukiwa juu ya matairi. Piga picha nyaya zote za chini. Kisha chomoa betri.

Hatua ya 3: Kushusha otomatiki

Gereji yenye sakafu ya udongo, weka mbao nene chini ya stendi. Otomatiki na transfa yake kwa pamoja hupita kilo 100, na jeki ya kawaida ya kubadilishia tairi haina kazi hapa. Tafuta jeki ya giaboksi, au watu watatu na ubao imara.

Mwaga haidroliki. Toa propela, ukiziwekea alama. Toa leva, nyaya, paipu za rejeta, stata na kipande cha egzosi kinachozuia. Toki konvata, inayofanya kazi ya klachi kwenye otomatiki, imefungwa kwenye sahani ya krenki kwa bolti unazozifikia kupitia tundu la chini. Zungusha injini kwa spana kwenye bolti ya puli ya mbele, ufungue moja moja. Zikiisha, isukume konvata irudi ndani ya giaboksi itoke nayo. Ukiiacha ining'inie kwenye injini, itadondoka na kumwaga mafuta kifuani mwako.

Egemeza injini kwa jeki ya pili chini ya sampu, juu ya ubao, kisha toa krosimemba na ushushe.

Hatua ya 4: Flaiwili na klachi

Hapa ndipo kazi inapofanikiwa au inapoharibika, kwa hiyo usikimbizane na jua.

Toa sahani ya otomatiki, ile iliyoshika konvata. Bolti zake weka pembeni kabisa, usije ukazitumia. Flaiwili ni nene kuliko ile sahani na inataka bolti zake ndefu. Bolti fupi zitashika nyuzi chache, na siku utakayopandisha mlima na mzigo ndiyo zitakayoachia.

Sasa krenki iko wazi, badilisha oili sili ya nyuma hata kama haivuji. Halafu tazama tundu la katikati ya krenki. Kwenye manyuali hapo hukaa beringi ndogo inayobeba ncha ya shafti ya giaboksi, na kwenye gari la otomatiki hutaikuta. Safisha tundu na uingize beringi mpya kwa kugonga pete ya nje, kamwe usigonge ya ndani. Ikiingia kwa kulegea au ikigoma kabisa, simama upime kwa kalipa. Ukifunga bila beringi hiyo gari litatembea, ila shafti itayumba na giaboksi italia ndani ya muda mfupi.

Flaiwili ya mtumba ipeleke kwa mkerezaji iparuliwe uso. Ikiwa na nyufa au madoa ya bluu yaliyozama, tafuta nyingine. Kaza bolti zake kwa msalaba, kwa awamu, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa kipimo cha kitabu cha injini, ukiwa umepaka gundi ya nyuzi.

Sahani ya klachi ina uso wake. Upande wenye kitovu kilichotokeza na springi unatazama giaboksi. Ikae katikati sawasawa, tumia kifaa cha kusentia au kipande cha shafti kuukuu, ndipo ukaze presha pleti kidogokidogo kwa kuzunguka. Kabla ya kuzifunga, futa flaiwili na presha pleti kwa petroli na kitambaa kisafi. Kiangazi, upepo wa Dodoma ukianza, funga pazia au fanya kipande hiki alfajiri. Grisi ya shafti iwe kidogo sana, ikizidi itarukia kwenye sahani na klachi itateleza ikiwa mpya.

Hatua ya 5: Pedali

Kazi ya kulala chali chini ya dashibodi, shingo itakuuma. Toa pedali pana ya breki, funga ya manyuali na bano la klachi. Kwenye ukuta kati ya injini na kabini, tafuta mahali pa masta silinda. Kwa kawaida pamewekewa alama au kuzibwa kwa kibati. Ukilazimika kutoboa, tumia bano lenyewe kama kipimo na upake rangi kingo zisishike kutu. Paipu ipite mbali na egzosi na tabo.

Hatua ya 6: Kupandisha

Funga beringi ya klachi na uma wake, hakikisha klipu zimeshika. Pini za kusentia ziwepo kwenye injini, zikikosekana giaboksi haitakaa katikati.

Ingiza gia ya 4 ili ukizungusha flanji ya nyuma shafti nayo izunguke, itafute meno ya sahani. Kengele inatakiwa iguse injini kwa kusukumwa na mikono. Ikibaki nafasi ya kidole, kuna kitu hakijaingia. Usiivute kwa bolti! Utapinda sahani au utapasua kengele. Rudisha nyuma, sentia upya. Krosimemba ya manyuali huenda ikaangukia matundu mengine kwenye chesisi, yatafute kwanza kabla ya kuita mchomeleaji.

Hatua ya 7: Umeme

Gari liko tayari, funguo inazungushwa, kimya. Wengi hapa hufungua stata, na stata haina kosa. Otomatiki ina swichi inayoruhusu stata kwenye P na N tu, nawe umeitoa.

Chukua ile swichi ya zamani na maltimita. Ukiwa na leva yake kwenye P, tafuta nyaya mbili zinazowasiliana, kisha hakikisha zinawasiliana kwenye N pia na zinakatika kwenye R na D. Hizo ndizo za stata. Ukiziunganisha moja kwa moja gari litawaka, lakini litawaka hata likiwa kwenye gia na kuruka mbele. Mimi huzipitisha kwenye swichi ya pedali ya klachi. Kwa gari linaloegeshwa nyumbani kwenye watoto, silegezi hilo.

Zinazowasiliana kwenye R pekee ni za taa za kurudi nyuma, zipeleke kwenye swichi ya rivasi ya giaboksi mpya. Swichi za transfa fuata picha zako, na hakikisha soketi ya kipimo cha mwendo imerudi.

Kontroli boksi ya otomatiki huendelea kutafuta solenoidi za giaboksi. Isipozipata, taa ya O/D (ya gia ya juu ya otomatiki) kwenye dashibodi huanza kupepesa na kumbukumbu yake hujaa makosa. Ndiyo maana nilikutaka ununue ya manyuali. Linganisha soketi na namba zake kabla ya kuchomeka, na kama gari lina imobilaiza (kinga ya wizi inayotambua funguo), mhusishe fundi umeme mapema.

Kimoja husahaulika: funguo kugoma kutoka, kwa kuwa gari bado linasubiri leva irudi P. Kwenye swichi ya funguo kuna solenoidi ndogo, mara nyingi kuchomoa soketi yake kunatosha. Yenye kebo, toa kebo.

Hatua ya 8: Vimiminika na propela

Giaboksi inachukua oili ya 75W-90. Jaza gari likiwa limelala sawa hadi ianze kutiririka kwenye tundu la kujazia. Transfa ina tundu lake, usiidhani inajazwa na giaboksi. Klachi tumia oili ya breki, itoe hewa hadi pedali iwe ngumu, ukibakiza uchezaji kidogo juu.

Zile paipu mbili za haidroliki kwenye rejeta, zitoe na uunganishe nipeli kwa mpira mmoja wenye klipu. Ukiziacha wazi, siku kipoza cha ndani kikitoboka, maji yote yataishia barabarani.

Propela zikizidi au zikipungua urefu, peleka zikatwe na zisawazishwe kwa mashine. Kuchomelea kwa macho kutakupa mtikisiko kuanzia kilomita 80 kwa saa.

Hatua ya 9: Kulijaribu

Likiwa bado juu ya stendi, ingiza gia zote, kisha L na H za transfa. Barabarani anza taratibu. Panda kilima cha UDOM, simama katikati, ondoka bila kurudi nyuma. Kisha ukiwa gia ya 5 kwa mwendo mdogo, kanyaga mafuta ghafla: mzunguko wa injini ukipanda na gari lisiongeze mwendo, klachi inateleza. Gia zikikwaruza likiwa limesimama, kuna hewa kwenye klachi, au pedali haijarekebishwa.

Kilomita 500 za mwanzo usivute trela. Zikiisha, rudi chini: kaza tena bolti za krosimemba na za propela, angalia kama kengele ina unyevu wa oili, pima oili ya transfa.

Halafu andika kwenye karatasi aina ya giaboksi, gari na injini ilikotoka, saizi ya sahani ya klachi na namba ya kontroli boksi, uiweke pamoja na kadi ya gari. Siku ukihitaji klachi nyingine, muuza spea ataomba namba ya chesisi, na namba hiyo itamwambia gari lako halina klachi.