Kifua ikibana asubui, usiseme kwanza ni karuho (sumu)

Baba mukubwa wangu wa Kadutu aliamuka mapema, akaoga, akavaa shati ya kazi, kisha akakaa pembeni ya kitanda, jasho ikamutoka mpaka shati ikashikana na mugongo, na munajua baridi ya Bukavu ile saa. Hakusema anaumwa. Aliweka ngumi katikati ya kifua akasema "nasikia uzito hapa". Sisi tukakimbilia maziwa juu tuliwaza ni karuho, masaa matatu ikapita bure, kumbe ni moyo.

Kwa hiyo angalia saa. Moyo unaweza kushikwa saa yoyote, lakini inazidi kutoka saa kumi na mbili ya asubui mpaka saa sita ya muchana, madaktari wa Marekani walishaandika hiyo tangu 1985. Ukiamuka tu, tansio (presha) inapanda, damu inakuwa rahisi kuganda, na kama mushipa wa moyo ulishajaa mafuta ndani, ile mafuta ikipasuka damu inaganda pale pale, njia inafungwa.

Mwenye tansio, sukari, sigara ao tumbo kubwa usimuchukulie mwepesi hata kama hajafika miaka 50, juu kwetu Afrika inakuja mapema kuliko Ulaya. Na mama, muzee, ao mwenye sukari anaweza kukosa maumivu ya kifua kabisa: pumzi inakata, anatapika, taya ao mugongo inauma, anachoka bila sababu.

Ikipita dakika 15 haijaachia, mukalishe, asipande mulima kwa miguu hata hatua kumi. Mupe aspirini ya miligramu 300 aitafune, asiimeze nzima, lakini kama aspirini inamuzuru, anatapika damu, ao mudomo umepinda na mukono umelegea, usimupe. Tafuta gari. Ikikosa, moto (pikipiki), na mutu mwingine akae nyuma amushike. Mukiwa njiani pigeni simu hospitali muulize kama wako na mashini ya elektro (ya kupima moyo) na daktari yuko, musije kufika mukarudishwa. Andika saa ilianza, hata kwa kiganja, juu dawa ya kuyeyusha damu inasaidia sana masaa ya kwanza, ikipita 12 faida inabaki kidogo.

Mbele ya ile siku, baba mukubwa alikuwa anasimama mara mbili akipanda kutoka soko, kifua inabana, akipumuzika inaachia. Ukiona hiyo kwa mutu wako mupeleke hospitali wiki hii.