Muuguzi wa usingizi na mgonjwa wake: hatua kwa hatua, tangu kabla ya upasuaji hadi kuzinduka

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya muuguzi wa usingizi ni kumlaza mgonjwa na kumwamsha. Kulaza ndiyo sehemu fupi kuliko zote, kwa kuwa dawa kama propofoli humchukua mtu kwa muda usiofika hata dakika moja baada ya kuingia mshipani. Kinachoamua kama mgonjwa atarudi wodini salama ni maswali yaliyoulizwa mapema, vifaa vilivyoandaliwa kabla havijahitajika, na mtu ambaye haondoki kando yake. Vipimo vya dawa sikuviweka kwa makusudi, kwani hivyo hutolewa darasani na katika miongozo ya hospitali husika.

Hatua ya kwanza: Kumhoji na kumpima mgonjwa

Hapa ndipo ningependa mwanafunzi wa kazi hii akae muda mrefu zaidi. Muulize mgonjwa kama amewahi kupewa dawa ya usingizi au ganzi, na ilikuwaje. Muulize pia kuhusu ndugu zake wa damu, kwa sababu ipo hali ya kurithi ambayo, baadhi ya gesi za usingizi au dawa ya kulegeza misuli iitwayo suksametoniamu zinapotumika, misuli hukakamaa na joto la mwili hupanda kwa kasi ya kuua. Anayejulikana mapema hupangiwa dawa nyingine, na chumba huwekwa tayari dantrolini, dawa ya kutibu hali hiyo. Uliza kuhusu pumu, presha, kisukari, ujauzito, uvutaji sigara, mzio, na dawa zote anazotumia zikiwemo za mitishamba, ambazo wagonjwa wengi hawazitaji mpaka waulizwe kwa jina. Kisha mwambie afungue kinywa na akunje shingo nyuma: jino linalocheza, kinywa kisichofunguka vizuri au shingo ngumu hukuonya kwamba kumwekea mrija wa hewa kunaweza kuwa kugumu, na onyo hilo ni heri ulipate wodini kuliko mezani.

Suala la kufunga kula lielezwe kwa sababu zake, si kama amri. Mtu aliyelala kwa dawa hupoteza uwezo wa kukohoa na kumeza, hivyo kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Kwa kawaida chakula chepesi huachwa saa 6 kabla, chakula chenye mafuta mengi saa 8, maziwa ya mama saa 4, na maji saa 2. Kumwacha mgonjwa na kiu tangu usiku ilhali upasuaji wake ni wa alasiri si uangalifu, na kwa mtoto mdogo kunaweza kushusha sukari ya damu.

Hatua ya pili: Kuandaa chumba

Kagua mashine ya usingizi, oksijeni na mtungi wa akiba, pampu ya kufyonza, taa ya laringoskopu (kifaa cha kutazamia koo wakati wa kuweka mrija), na mirija ya ukubwa tofauti. Mfuko wa kupulizia hewa kwa mkono uwe karibu hata kama mashine ni mpya, kwa sababu umeme haukuahidi kitu. Kila bomba la sindano liandikwe jina la dawa mara tu linapojazwa. Dawa nyingi ni maji meupe yasiyotofautika kwa macho.

Hatua ya tatu: Orodha ya usalama

Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha hii ya kuhakiki usalama wa upasuaji mwaka 2008. Husomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi au ganzi, kabla ya ngozi kukatwa, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani.

Hatua ya nne: Ganzi au nusu kaputi

Kwa upasuaji wa sehemu za chini ya kitovu, ganzi ya mgongo, ambayo August Bier aliifanya kwa mara ya kwanza mwaka 1898, mara nyingi hutosha. Sindano huchomwa chini ya mahali ambapo uti wa mgongo wenyewe huishia. Presha hushuka kwa kuwa mishipa ya damu ya miguuni hutanuka, kwa hiyo dripu na dawa za kuipandisha huwa tayari kabla ya sindano. Mama mjamzito hulazwa akiwa ameinamishwa kidogo kushoto ili mji wa mimba usibane mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni.

Kwa nusu kaputi, mgonjwa huvuta oksijeni safi kwa takriban dakika 3 kabla ya kulazwa, ili mapafu yawe na akiba wakati pumzi itakaposimama. Mrija ukishaingizwa, thibitisha kwa kipimo cha kabonidayoksaidi inayotoka, kwa sababu mrija ulioingia kwenye umio unaweza kumdanganya hata mzoefu anayesikiliza kifua peke yake.

Hatua ya tano: Wakati wa upasuaji

Usiondoke. Presha hupimwa angalau kila dakika 5. Oksijeni na mapigo ya moyo hufuatiliwa mfululizo. Angalia pia damu iliyoko kwenye pampu na vitambaa, joto la mwili, macho yaliyofumbwa na kubandikwa, na viwiko visivyogandamizwa na meza.

Hatua ya sita: Kuzindua

Mrija hutolewa mgonjwa anapopumua mwenyewe kwa nguvu na kutii maelekezo. Katika chumba cha uangalizi, anayempokea aelezwe kwa mdomo na kwa maandishi: amefanyiwa nini, amepewa dawa gani na saa ngapi, amepoteza damu kiasi gani.

Maswali na majibu

Swali: Niliambiwa maji yanaruhusiwa hadi saa 2 kabla. Je, chai ya maziwa?
Jibu: Hapana. Maziwa huchelewa tumboni, hivyo huhesabiwa kama chakula. Chai isiyo na maziwa huhesabiwa pamoja na maji.

Swali: Ganzi ya mgongo huacha maumivu ya mgongo maisha yote?
Jibu: Mahali pa sindano panaweza kuuma kwa siku chache, lakini hakuna ushahidi wa kutosha kwamba ganzi hii ndiyo chanzo cha maumivu sugu. Kichwa kinachouma ukikaa na kutulia ukilala ni jambo jingine: kwa kawaida hutokana na kuvuja kwa maji ya uti wa mgongo, kuna tiba yake, na umweleze aliyekupa ganzi bila kuchelewa.

Swali: Mtu anaweza kuzinduka katikati ya upasuaji?
Jibu: Hutokea kwa nadra. Hatari huongezeka dawa za kulegeza misuli zinapotumika, kwani mgonjwa hawezi kujitikisa kutoa ishara, na ndiyo maana kiwango cha gesi, mapigo na presha havikomi kuangaliwa. Ukikumbuka chochote, sema. Utasikilizwa na kuandikiwa kumbukumbu.

Swali: Kwa nini nilitakiwa kuondoa rangi ya kucha?
Jibu: Kipimo cha oksijeni hupitisha mwanga kidoleni, na rangi, hasa nyeusi na bluu, inaweza kuuvuruga.

Swali: Mimi ni mwanafunzi. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikishuka chini ya asilimia 94, nianze wapi?
Jibu: Ongeza oksijeni hadi asilimia 100, kisha mwangalie mgonjwa kabla ya kulaumu kifaa: je, kifua kinapanda pande zote mbili, mrija haujateleza au kujikunja, kipimo cha kabonidayoksaidi bado kinasoma? Midomo ina rangi gani? Kumbuka kwamba kwa mwenye ngozi nyeusi kifaa kinaweza kuonyesha namba ya juu kuliko hali halisi, kwa hiyo 92 usiichukulie kama jambo dogo. Mwambie daktari mpasuaji na uite msaada ukiwa bado unatafuta sababu.