Kuuza nyumba ya zamani Moshi: mfanye mnunuzi aione itakavyokuwa

Mnunuzi akiingia kwenye nyumba ya zamani kule Shanty Town, akakuta silingi imelegea, jiko jembamba lenye masizi na choo kinachonuka unyevu, anaanza kupiga hesabu kichwani. Hajui bati litagharimu ngapi, hajui ukuta upi unabomoleka, na mtu asiyejua hukadiria juu. Anakutajia bei ya kiwanja tupu, au anasema "nitawapigia" na simu haiji. Kazi ya muuzaji ni kumtoa kwenye giza hilo: amwonyeshe kipi kizima, kipi kibovu, na nyumba itakaaje ikirekebishwa, kwa vipimo na makadirio ya fundi.

Kukarabati kila kitu si lazima, na ukarabati wa nusunusu hula fedha bila kuirudisha. Ukitandika tailizi za rangi uipendayo wewe, mwenzako anaingia akiwaza atakavyozing'oa.

Mwongozo huu unahusu nyumba ya mjini yenye hati. Nyumba iliyo kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga, ina mambo ya ukoo, na haiuziki kwa njia hii.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya ufagio

Nyumba nyingi za zamani zinauzwa na watoto baada ya wazee kufariki. Kama ndivyo, msimamizi wa mirathi awe ameshateuliwa na mahakama, na warithi wawe wamekubaliana kwa maandishi. Ndugu mmoja wa Dar es Salaam akija kupinga siku ya malipo, michoro yote mizuri haitasaidia. Mwenye nyumba akiwa hai na ana ndoa, ridhaa ya mwenzi wake ni lazima.

Angalia hati imebakiza miaka mingapi. Hati hutolewa kwa 33, 66 au 99, na nyumba ya zamani inaweza kuwa imekaribia ukingoni. Afadhali uligundue wewe kuliko wakili wa mnunuzi. Lipa kodi ya pango la ardhi, utunze risiti. Kodi ya jengo tangu 2021 hukatwa unaponunua umeme wa LUKU, ila hakikisha mita haina deni. Kama ramani ya awali ya nyumba ipo kwenye sanduku la mzee, itafute. Itakupunguzia kazi huko mbele.

Hatua ya 2: Tenganisha uzee na ubovu

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Kitu cha zamani na kitu kibovu machoni pa mgeni ni kimoja, na wewe ndiye wa kuvitenganisha.

Anza juu. Panda darini kupitia tundu la silingi ukiwa na tochi, kitambaa cha kufunika pua na bisibisi. Chomeka bisibisi kwenye kenchi (mbao zinazobeba paa) na papi (mbao zinazopigiliwa bati), hasa zinapokalia ukuta na chini ya maungio ya bati. Ikigoma, mbao ni nzima. Ikizama kama kwenye keki, kuna mchwa au uozo, na hapo mwite fundi seremala akupe idadi ya mbao za kubadilisha. Ukiwa huko huko, tazama kama ukuta wa kati unabeba kenchi au umeishia chini yake bila kuguswa. Andika. Jibu hilo ndilo litakaloamua kama jiko na stoo vinaweza kuunganishwa.

Harufu kali darini mara nyingi ni kinyesi cha popo. Wasubiri watoke jioni, ziba matundu ya kwenye fasha bodi (ubao wa ukingo wa paa) kwa wavu, kisha ondoa uchafu ukiwa umeulowesha kidogo. Ukipaka rangi chini bila kuondoa kinyesi, harufu inarudi jua likipasha bati.

Kama paa ni la asbesto, lile la kijivu, nene na zito, usilikate, usilitoboe wala usilisugue kwa brashi kavu. Vumbi lake linadhuru mapafu. Liache lilivyo, mwambie mnunuzi wazi, na makadirio ya kuliondoa yatoke kwa watu wenye vifaa na ujuzi wa kazi hiyo.

Ukuta wenye madoa ya maji ufanyie jaribio la nailoni: bandika kipande cha sentimita 50 kwa 50, funga kingo zote kwa tepu, acha siku mbili. Unyevu ukitokea upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe: bomba linavuja, au unyevu unapanda kutoka ardhini. Ukitokea upande wa chumbani, tatizo ni hewa kutozunguka, na dawa yake ni kufungua madirisha. Kupaka rangi juu ya ukuta wenye maji ni kutupa hela. Masika yakifika itatoa malengelenge mbele ya mnunuzi.

Nyufa nyembamba kwenye plasta ni uzee. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha, mpana kuzidi milimita 5, ni wa kuitia mhandisi, hasa kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi.

Maji yapime kwa ndoo ya lita 20 kwenye bomba la jikoni. Ikijaa ndani ya dakika mbili, unapata lita 10 kwa dakika na huna wasiwasi. Nyaya za umeme zikaguliwe na fundi mwenye leseni. Ukikuta fyuzi za waya na soketi zisizo na ethi (waya wa ardhini), hesabu kwamba nyumba inahitaji nyaya mpya.

Baada ya hapo orodhesha vizima. Milango ya mninga, sakafu ya saruji nyekundu, kuta za mawe, silingi zilizo juu, veranda pana: hivi ndivyo vitakavyouza nyumba.

Hatua ya 3: Pima, kisha chora mara mbili

Tumia futi kamba ya mita 5 kwa vyumba na ya mita 30 kwa kiwanja. Pima kila chumba kwa ndani, urefu na upana, unene wa kuta, upana wa milango, na kimo cha dirisha kutoka sakafuni. Pima na mishazari miwili ya kila chumba. Isipolingana, chumba kimepinda, na makabati ya jikoni yatakuja kuacha pengo.

Mpe mchoraji ramani vipimo akutolee karatasi mbili za A3 kwa kipimo cha 1:100. Ya kwanza ni nyumba ilivyo. Ya pili ni pendekezo, na liwe moja, au mawili ukizidisha. Mapendekezo matano yanamchanganya mtu.

Pendekezo liheshimu mambo mawili. Kwanza, mabomba: ukihamisha choo upande wa pili wa nyumba, bomba la maji taka litakosa mteremko wa kufika kwenye chemba bila kupasua sakafu yote. Choo kipya kiegemee ukuta wa choo cha zamani. Pili, kuta zinazobeba kenchi zisiguswe, au ziwekewe linta (boriti ya kubeba mzigo) aliyoipima mhandisi. Chini ya mchoro andika kwamba mabadiliko hayo yanahitaji kibali cha ujenzi cha manispaa, ili mnunuzi asidhani ni jambo la kuanza Jumatatu.

Pendekezo lifuate mnunuzi wa mtaa huo. Bangaloo ya Shanty Town yenye uwanja mpana huvutia familia, ofisi, au mtu anayetaka nyumba ya wageni wanaopanda mlima. Nyumba ya mtaa wa Majengo yenye korido katikati na vyumba kushoto na kulia inamvutia anayewaza fremu mbili za duka mbele na vyumba vya kupangisha nyuma. Kwa biashara, kubadili matumizi ya ardhi kuna taratibu zake. Usiahidi kana kwamba limeshakubaliwa.

Hatua ya 4: Toa vitu, safisha, na urudishe mwanga

Sofa nne, kabati la vyombo na friji bovu vinafanya sebule ya mita 4 kwa 5 ionekane stoo. Bakiza vitu vitatu au vinne kwa chumba. Pazia nzito zishushwe, vioo vioshwe pande zote mbili, matawi yanayofunika madirisha yapunguzwe. Mparachichi uache.

Sakafu nyekundu isuguliwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikauke kabisa, kisha ipakwe nta nyembamba na kung'arishwa kwa gunia au blanketi kuukuu. Nta nene inateleza na kushika vumbi. Milango ya mninga iliyopakwa rangi ya mafuta, kwangua mmoja tu, ule wa mbele: sandpepa namba 80, kisha 120, kisha vanishi mara mbili. Mlango huo mmoja unamwambia mnunuzi mingine yote ina nini chini ya rangi.

Vivyo hivyo paka chumba kimoja, si nyumba nzima. Chumba cha mita 4 kwa 3.6 chenye kimo cha mita 2.7 kina ukuta wa mita za mraba kama 37 ukitoa mlango na dirisha. Mikono miwili ya rangi ya maji itakula lita 7 hadi 8. Chagua nyeupe iliyofifia. Chumba cha pili yake ukiache kilivyo, milango ikiwa wazi, ili mtu aone vyote viwili kwa mtazamo mmoja.

Hatua ya 5: Hamishia mchoro sakafuni

Watu wengi hawasomi ramani, na wanaona aibu kusema. Chukua chaki au tepu ya karatasi, uchore pendekezo lenyewe sakafuni kwa ukubwa halisi.

Jikoni, chora kaunta ya sentimita 60 kila upande. Katika jiko lenye upana wa mita 2.4, kaunta mbili zinabakiza njia ya sentimita 120, inayotosha watu wawili kupishana na sufuria. Ukuta unaopendekezwa kuondolewa uwekee tepu mlalo kwa juu na kwa chini, na mwambie mnunuzi asimame mlangoni kisha atazame stoo ikiwa ni sehemu ya jiko.

Chumbani, chora kitanda cha sita kwa sita, yaani sentimita 183 kila upande. Chumba cha mita 3 kitabaki na sentimita 58 kulia na kushoto. Mama aliyeingia akisema "hiki chumba kidogo" akizunguka alama hizo mwenyewe, huanza kuuliza kabati litakaa wapi. Swali hilo ndilo unalolitafuta: ameshahamia kichwani.

Hatua ya 6: Gharama kwa karatasi moja

Kwa kila kazi chukua makadirio ya mafundi wasiopungua wawili, yenye tarehe, vifaa na ufundi vikitenganishwa. Usikubali neno "bati" tupu. Nyumba ya mita 10 kwa 12 yenye ukingo wa paa wa sentimita 60 kila upande na mteremko wa nyuzi 25 ina paa la mita za mraba kama 163. Ongeza asilimia 10 ya maungio na mabaki, agiza 180, na uandike geji, yaani kipimo cha unene wa bati. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na bei zake hazilingani, hivyo makadirio yasiyotaja geji hayalinganishiki.

Panga kazi kwa mafungu matatu: za lazima kabla ya kuhamia (paa, umeme, maji taka), za mwaka wa kwanza (jiko, bafu), na za kupenda mtu. Weka asilimia 15 ya dharura juu ya jumla. Wauzaji wengi wanaogopa karatasi hii kwa kudhani itashusha bei. Bila karatasi mnunuzi anakata kwa kubahatisha. Ukiwa nayo, anaanza kukata kutoka kwenye namba unayoweza kuitetea.

Hatua ya 7: Picha na tangazo

Kilimanjaro uko kaskazini mwa mji na hufunikwa na mawingu kadiri siku inavyosonga, hivyo picha ya veranda ya upande wa mlima ipigwe asubuhi mapema. Kumbuka na jua: kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la mchana hulalia kaskazini, kisha hulalia kusini. Chumba chenye giza Januari kinaweza kuwa na jua Julai, wakati wa baridi, na hilo linafaa kutajwa.

Simu ishikwe kwa mlalo, kimo cha kifua, ukiwa umesimama kona ya chumba. Usitumie lenzi pana ya 0.5, inapanua chumba kwa uongo, na mtu akifika anahisi ametapeliwa kabla hujamsalimia. Picha zisizidi 12, zikifuata njia ya kutembea kutoka getini. Picha ya kompyuta inayoonyesha jiko jipya iwekwe kando ya picha ya jiko lilivyo, na juu yake iandikwe kwa herufi zinazosomeka: "Pendekezo, si hali ya sasa." Nguzo ya umeme iliyoko nje isifutwe.

Tangazo liseme hivi:

"Nyumba inauzwa, Shanty Town, Moshi. Vyumba vitatu, sebule inayofungukia veranda ya upande wa mlima. Jiko na stoo vinaweza kuunganishwa, mchoro upo. Milango ya mninga na sakafu ya saruji nyekundu, zote nzima. Bati na nyaya za umeme zinahitaji kubadilishwa, makadirio ya mafundi yapo. Banda la uani la vyumba viwili na choo chake. Hati ipo."

Dalali apewe maneno hayo hayo. Akiongeza "imekarabatiwa" kwa ajili ya kuvuta simu, wanaofika ni watu wasiofaa.

Hatua ya 8: Siku ya kuonyesha

Fungua madirisha masaa mawili kabla wanunuzi hawajafika. Waonyeshe asubuhi, familia moja baada ya nyingine. Anza verandani, pitia chumba kilichopakwa rangi, kisha jiko lenye alama za chaki. Ubovu mkubwa utaje wewe kwanza, ukiwa na karatasi ya gharama mkononi: "Mzee, bati hili limechoka, makadirio haya hapa." Halafu nyamaza. Mume na mke wakianza kubishana jiko likae vipi, ondoka chumbani uwaache.

Wakati wa kuagana wape nakala za michoro miwili na karatasi ya gharama waende nazo nyumbani. Nakala ya hati wape wakishatoa ofa kwa maandishi, wakafanye upekuzi, yaani kuihakiki hati, ofisi ya ardhi wenyewe.