Kutabiri na Kufuatilia Mvua za Radi Siku za Fukuto, Mtwara na Lindi

Kati ya Desemba na Machi, kaskazi inapolegea kwa siku mbili tatu, mikoa ya Mtwara na Lindi huingia katika fukuto ambalo kila mkazi analifahamu: shuka halikauki kambani, chumvi inalowana koponi, na usiku unapita bila ubaridi. Wengi huhitimisha kwamba joto la namna hiyo lazima lilete radi jioni. Si lazima. Fukuto ni kuni tu. Ili wingu la radi lijengeke, sharti pawepo pia kitu cha kuisukuma hewa hiyo juu, na kazi kubwa ya anayetabiri akiwa nyumbani ni kukitafuta kitu hicho mapema, kabla ya saa saba mchana.

Anza jioni ya siku iliyotangulia kwa kusoma utabiri wa saa 24 wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania pamoja na taarifa yake ya siku tano, ambamo hatari hupangwa kwa ngazi za Angalizo, Tahadhari na Tahadhari Kubwa. Taarifa hiyo hutaja mikoa, haitaji kijiji chako wala saa ambayo mvua itafika shambani kwako, kwa hiyo yale yanayofuata hapa ni ya kuikamilisha, si ya kushindana nayo. Kuhusu vimbunga, kama kile kilichoipiga Lindi Aprili 1952 au Hidaya wa Mei 2024, fuata tangazo la Mamlaka peke yake.

Kukipambazuka, pima unyevu. Chukua vipimajoto viwili vinavyolingana, uvitundike kivulini mahali penye hewa, kimoja kikiwa kikavu na cha pili kikiwa kimevishwa kitambaa chembamba cha pamba kilicholowa maji, kisha ukipepee hicho cha pili hadi kiache kushuka. Hewa kavu hukausha kitambaa haraka na kukishusha sana kipimajoto hicho. Hewa iliyojaa mvuke huacha tofauti ndogo. Rudia kipimo saa sita mchana. Kikavu kikisoma nyuzi 32 na kilicholowa nyuzi 27, mvuke wa hewa hiyo ungeanza kugeuka umande kwenye nyuzi 25 hivi. Kila nyuzi moja kati ya joto la hewa na joto hilo la umande huinua kitako cha mawingu kwa mita 125 hivi, na hapa zipo nyuzi saba, yaani karibu mita 900. Wingu linaloanzia chini kiasi hicho lina mvuke mwingi wa kulilisha na nafasi ndefu ya kupanda.

Baadhi ya simu huonyesha pia mgandamizo wa hewa, na hapa wengi hudanganyika. Katika ukanda wetu wa joto mgandamizo hupanda hadi karibu saa nne asubuhi, hushuka hadi karibu saa kumi jioni, na kurudia mwendo huo usiku, iwe kuna mvua au hakuna. Linganisha saa kumi ya leo na saa kumi ya jana. Usilinganishe na asubuhi.

Sasa tafuta kinachoinua hewa. Huku kwetu ni vitu viwili hasa: upepo wa bahari na mwinuko wa nchi. Jua linapoichemsha ardhi, hewa ya baharini, ambayo ni nzito kidogo kwa kuwa haijapata joto kama ile ya nchi kavu, huanza kuingia bara, na ukingo wake wa mbele hupita chini ya hewa ya moto na kuichota juu kama jembe linavyochota udongo. Nyuma ya ukingo huo hewa hutulia. Ndiyo sababu Mikindani au Lindi mjini huweza kubaki na jua kali mchana kutwa huku mawingu yakiwa yamejipanga mstari upande wa magharibi, na mgeni akadhani utabiri umekosewa. Uwanda wa Makonde nao hupanda taratibu kutoka pwani hadi Newala, kisha hukatika ghafla kwenye magenge yanayotazama bonde la Ruvuma, na hewa inayopandishwa na mteremko huo huwa imeshaanza safari ya kuwa wingu kabla ukingo wa upepo wa bahari haujaifikia. Kwa upande wa Lindi, uwanda wa juu wa Rondo hufanya kazi inayofanana na hiyo. Kwa mtu wa Newala, sijui mahali bora pa kutazamia kuliko Shimo la Mungu, mradi aondoke pale mapema, kwa sababu ukingo wa genge ulio wazi ni mahali pabaya mno radi inapokaribia.

Kuanzia saa tano, yatazame mawingu yenyewe. Yakiwa mapana kuliko urefu wake, na vichwa vyake vikisambaa na kutandazika kama chapati, kuna tabaka la hewa ya joto juu linaloyazuia. Subiri, wala usitangaze mvua. Yakiwa marefu kuliko upana wake kabla ya adhuhuri, na vichwa vikifumka kwa kingo kali kama maziwa yanayofoka jikoni, tabaka hilo ama halipo ama limetobolewa. Kingo hizo zikianza kulainika na kuwa nyuzinyuzi, kilele kikajitandaza mfano wa fuawe la mhunzi, wingu limekwisha kuwa la radi hata kama hujasikia ngurumo.

Umbali unaweza kuukadiria kwa ngumi. Nyosha mkono, ngumi moja ni takribani digrii 10 za anga. Wingu la radi lililokomaa likikadiriwa kuwa na urefu wa kilomita 15, kilele kilicho ngumi moja juu ya upeo wa macho kipo kilomita 85 hivi, na kilicho ngumi mbili kipo kilomita 40 hivi. Pima tena kila dakika 10 ukiangalia pia mti au paa lililo chini ya wingu. Kilele kikipanda na wingu lisihame kutoka juu ya mti huo, linakujia wewe. Likihama kulia au kushoto, litapita kando. Usiamini upepo wa usoni pako, kwa maana wingu huendeshwa zaidi na pepo za juu, na mara nyingi upepo wa chini huwa unaelekea kwenye wingu hilo hilo.

Mwenye korosho zilizoanikwa mvua za kwanza za Novemba zinapowahi mavuno aamue wingu likiwa bado mbali ngumi mbili, kwa sababu upepo wa baridi unaotangulia mvua hufika ghafla na kubeba turubai kabla ya tone la kwanza. Huo upepo ndio onyo la mwisho.

Kutoka mwako hadi ngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa sekunde 30 au pungufu, ingia kwenye nyumba imara au gari lenye bodi ya chuma lililofungwa vioo, na usitoke hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Bajaji, pikipiki, kibanda cha shambani, mnazi na mkorosho havikukingi. Kufunika vioo vya nyumbani au kuvua nguo nyekundu, ambako wazazi wetu walikufanya kwa nia njema, hakuizuii radi. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mguseni bila hofu, na kama hapumui, mbonyezeni kifua katikati kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku msaada ukitafutwa.

Usiku kazi huhamia baharini. Upepo wa nchi kavu hutoka kuelekea baharini, hukutana na hewa yenye mvuke huko nje, na mawingu ya radi hujengeka kuelekea alfajiri, saa ambazo mashua na ngalawa huondoka. Kabla ya kusukuma chombo majini, simama ufukweni nusu saa ukitazama mashariki. Mwako usio na sauti unaobaki chini kabisa kwenye upeo ni wa wingu lililo mbali sana; ukipanda kila baada ya robo saa, au ukianza kuzifunika nyota zilizo juu yake, chombo kibaki pwani hadi kupambazuke na wingu lenyewe lionekane.